Pilau yangu ilishindwa Quezon City, mifuko ya barafu ikaniokoa

Aprili 2021 nilikuwa Quezon City, Ufilipino, mwanafunzi wa uzamili asiye na darasa la kwenda. Corona ilikuwa imepanda tena, Manila na mikoa jirani imefungwa tangu tarehe 29 Machi. Ukitoka nje unavaa barakoa, na juu yake ngao ya plastiki inayokufanya ufanane na fundi wa kuchomelea. Madereva wa bajaji zao wamekaa vijiweni hawana abiria. Serikali ilitoa peso 1,000 kwa mtu, mwisho 4,000 kwa familia, hela ambayo kwa bei za pale haikai.

Tarehe 14 mwezi huo, dada mmoja wa miaka 26, Ana Patricia Non, akaweka mkokoteni wa mianzi barabara ya Maginhawa, una mboga, mchele, makopo na dawa. Kibao kilisema: toa kwa kadiri ya uwezo wako, chukua kwa kadiri ya mahitaji yako. Hapana mlinzi wala wa kukuuliza jina. Baada ya siku chache wakulima wa Paniqui, mkoani Tarlac, wakaleta viazi vitamu. Mimi nilikwenda kushangaa tu, nikarudi na viazi vinne. Sioni aibu kusema, posho yangu ilikuwa imechelewa na vile viazi nilifuturia.

Ilipoingia posho nikamwambia mama mwenye nyumba, Nanay tunavyomwita, tuweke na sisi meza kama ya Ana mbele ya kiduka chake. Akasema sawa, mradi nisimwagize kuhutubia.

Sasa ushauri. Rafiki yangu wa chuoni akaniambia peleka chakula kilichopikwa, mwenye njaa hataki mchele mbichi. Nikamwamini. Mtoto wa Tanga na pilau, utanizuia? Nikaazima sufuria kubwa ya Nanay, ile ya sikukuu. Binzari nyembamba nilikuwa nimebeba kutoka nyumbani, nikaitia kama ninayelipiza kisasi. Kasoro ni kwamba nilikuwa nimefunga na sikutaka kuonja hata kwa ncha ya ulimi, na chumvi nikatia mara mbili, ya kwanza nikiwa naongea na simu.

Saa tatu asubuhi niko mezani, jua la Aprili kule halina adabu. Watu wanasogea, wanachungulia, wananusa, wanasema kwa heshima zote "salamat po", yaani asante, halafu wanachukua ndizi. Hilo "po" ni kama shikamoo yetu, mkubwa haongeleshwi bila yake, kwa hiyo hata kukataliwa nilikataliwa kwa adabu. Kwanza hawakuja na vyombo. Pili nani atakula chakula cha mpishi asiyemjua wakati watu wanaogopa hata kitasa cha mlango? Dereva mmoja ndiye aliyejaza bakuli. Akaonja kijiko kimoja, akafumba macho, akauliza: "Gamot?" Yaani, hii ni dawa? Kufika saa sita mchana, pilau iliyobaki ikawa imechacha. Nilimwaga sufuria nzima nikiwa na swaumu yangu.

Mshauri wa pili alikuwa kwenye kundi letu la Watanzania: andikisha majina, dai kitambulisho, bila hivyo utaibiwa. Nikaweka daftari. Nusu saa nzima watu wakaiona kalamu na kupita upande wa pili wa barabara. Nanay akalichukua daftari lile, akalifanya la kuandikia madeni ya duka. Na alikuwa sahihi, maana wiki hiyo hiyo mitandaoni walikuwa wanawazushia waanzilishi wa meza hizi kuwa ni wakomunisti, na tarehe 20 Ana mwenyewe alisimamisha ya kwake siku moja kwa kuhofia usalama. Nani ataandika jina lake hapo?

Lakini shida ya vitu kukombwa ilikuwepo kweli. Siku ya kwanza bila daftari, trei ya mayai 30 iliondoka na mtu mmoja kabla sijamaliza kupanga sabuni. Hapo ndipo nilipojivunia u-Tanga wangu. Nyumbani tunauza barafu kwenye vile vimfuko vyembamba virefu, na kule wanavyo vilevile, watoto wananyonya barafu hivyo hivyo. Nikanunua pakiti mbili. Mafuta ya kupikia nikayatia kwa faneli, vidole vinne kila mfuko, unazungusha, unafunga fundo, unakata. Mayai matatu matatu kwenye mfuko mwingine, mchele nusu kilo. Tukavifunga kwa uzi kwenye mwanzi juu ya meza, vinaning'inia kama pakiti za shampuu dukani. Mtu akiona kitu kimepimwa, naye anajipima. Nanay alisema hiyo kwao inaitwa tingi, kununua kidogo kidogo. Nikamwambia kwetu ni ya kupima, na ndivyo sote tulivyokuzwa.

Foleni nayo ilinitisha. Tarehe 23 mzee mmoja alifariki akiwa kwenye foleni ya meza kubwa mjini humo humo, watu walikuwa wamefurika. Sisi tukaacha kutangaza. Nanay akasema: wavue ndala. Ndala zinapangwa kwa mstari, hatua mbili mbili, wenyewe wanakaa kivulini chini ya mwembe. Zamu ikifika ndala inasogezwa kwa ufagio. Hakuna aliyegombana na ndala.

Gharama? Ya mwanzo peso elfu mbili na ushee, kama laki moja ya nyumbani, na humo pilau imo. Baada ya hapo sikuhesabu, maana kila nikiamka nakuta mtu keshaacha kitu mezani: mchicha wa kule, dagaa wa makopo, siku moja kuku hai amefungwa miguu. Kuku huyo tulimficha hadi tukajua mwenye shida zaidi.

Tulifunga katikati ya Mei, Nanay alichoka kuamka alfajiri. Siku ile ya mwisho dereva akarudisha bakuli, limejaa samaki wadogo wakavu wa chumvi, wenye chumvi kuliko pilau yangu. Sina uhakika kama alikusudia. Jina langu mtaani pale liliendelea kuwa Gamot mpaka nilipoondoka.