Migomba Isiyozaa ya Suzhou

Mjomba alipokuja Shanghai kuniona nikimaliza masomo, nilimuuliza angependa kutembezwa wapi. Nilidhani atataka kuona maghorofa. Akasema, "Mwanangu, nipeleke mahali pa mawe." Mjomba ni mwashi. Tangu ujanani anajenga na kukarabati nyumba za mawe katika mji wa kale wa Lamu, na kidaftari chake cha vipimo hakimtoki mfukoni. Nikakata tiketi za treni ya mwendo kasi, na baada ya nusu saa hivi tukawa tumeshuka Suzhou.

Ilikuwa Juni, msimu wa mvua ambazo Wachina wa huku huziita mvua za plamu, kwa sababu hunyesha matunda hayo yanapoiva. Mawingu yalikuwa chini na fulana zimetugandia mwilini. Joto lile tulilijua, mimi na yeye.

Anayesikia "bustani za Suzhou" asifikirie uwanja wa nyasi na vitanda vya maua. Bustani hizi zilikuwa nyumba za watu. Nje unaona ukuta mrefu mweupe na vigae vyeusi, basi. Ndani ndiko kuna bwawa, vilima vya kujengwa kwa mawe, vibanda vya kupumzikia, madaraja na vijia vinavyopinda pinda. Tisa kati yake zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia, za kwanza ziliingizwa mwaka 1997 na nyingine mwaka 2000. Lamu yetu iliingia 2001. Mjomba aliposikia hivyo alifurahi sana. "Kumbe sisi ni ndugu wa kufuatana," akasema.

Tulianzia Shizilin, Msitu wa Simba, bustani iliyoanzishwa mwaka 1342 na watawa wa Kibudha. Simba wenyewe ni mawe, wengine wamelala, wengine wamesimama, ukipenda kuwaona. Mjomba hakuwatafuta simba. Alisimama mbele ya jiwe la kwanza, akaingiza kidole katika tundu lake, akakizungusha taratibu, kisha akaingiza kiganja kizima katika tundu lililo juu yake. Jiwe lilikuwa la kijivu, limetobolewa upande hadi upande, na kingo za matundu laini kama mdomo wa mtungi.

"Hili limekaa majini," akasema.

Ni kweli. Ni mawe ya chokaa kutoka Ziwa Tai, na matundu yale ni kazi ya maji. Kwa mbali ungesema ni matumbawe ya kwetu. Nikamsimulia habari za I. M. Pei, msanifu majengo aliyechora Makumbusho ya Suzhou, yaliyofunguliwa mwaka 2006 mtaa huo huo. Bustani hii iliwahi kuwa mali ya ukoo wake, na utotoni alicheza humu. Yeye alieleza kwamba watu wa zamani walikuwa wakichagua jiwe, wakaliweka ziwani liliwe na maji, na anayekuja kulitoa ni mwana au mjukuu. Mjomba alinyamaza kidogo. "Kama chokaa," akasema. "Chokaa ukiiharakisha, plasta hupasuka. Lakini hawa wamesubiri kuliko sisi."

Katikati ya mawe mna mapango na vijia vinavyopanda na kushuka hadi hujui umetokea wapi. Tulipita mahali pamoja mara tatu. Watoto walitupita wakicheka, wakapotea, wakatokea juu ya vichwa vyetu. Watu walikuwa wengi, kwa hiyo atakayekwenda afike asubuhi na mapema.

Mchana tuliingia Zhuozheng Yuan, iliyo kubwa kuliko zote za mjini, zaidi ya hekta 5. Aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1500 ni Wang Xianchen, ofisa aliyeachana na mambo ya serikali akarudi nyumbani kutunza miti. Husimuliwa kwamba mwanawe aliipoteza yote katika kamari ya usiku mmoja. Ukishaingia hulioni bwawa. Unakutana na kilima cha mawe na mianzi kimekukingia, lazima ukizunguke.

"Tekani!" akasema mjomba, akanishika mkono, yaani kile chumba kidogo cha kuingilia. Nyumba ya Lamu nayo haikuonyeshi ndani ukiwa mlangoni. Unapita daka, yaani baraza la mlangoni, unaingia tekani, unakata kona, ndipo kiwanda, ua wa ndani, kinafunguka mbele yako. Pale pale akatoa kidaftari.

Kilichomshangaza zaidi ni mnara. Ukisimama upande wa mashariki wa bwawa na kutazama magharibi, mwisho wa maji, kati ya miti, unauona mnara wa hekalu wenye ghorofa tisa kana kwamba umejengwa bustanini. Haumo. Uko mbali huko mjini, nje kabisa ya ukuta. Wachina wana neno lake, kuazima mandhari. Miti imepandwa na nafasi imeachwa ili mnara wa wengine uwe pambo la nyumba yako, na mwenyewe hapungukiwi kitu. Naona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote nilizoziona China.

Kisha mvua ikashuka. Tulikimbilia kibanda kiitwacho Tingyu Xuan, maana yake mahali pa kusikiliza mvua. Nje yake kuna migomba, kuna mianzi, na kidimbwi chenye yungiyungi. Mjomba akainama kuitazama migomba. "Mbona sioni hata mkungu mmoja?"

Nikamwambia haikupandwa kwa ajili ya ndizi. Imepandwa ipigwe na mvua.

Akanitazama kuona kama namtania. Halafu akakaa, akafumba macho. Juu ya majani ya mgomba tone lilidunda zito, kama kidole juu ya ngozi ya ngoma. Juu ya mianzi ulikuwa mchakacho tu. Mimi nilikuwa nikitazama jani moja la yungiyungi: matone yalitiririka kuelekea katikati yakakusanyika kama zebaki, jani likalemewa, likainama, likamwaga yote kwa mkupuo, likainuka tena kupokea mengine. Hatukusema neno karibu nusu saa.

Kilima cha Chuimilia, chenye mnara ulioinama uliokamilika mwaka 961, hatukukifikia. Giza lilitukuta stesheni, viatu vimelowa.

Kwenye treni mjomba alifungua kidaftari kwenye ramani ya nyumba anayomjengea mteja wake kule Lamu. Akafuta dirisha la chumba cha wazee, akalichora upya chini zaidi, usawa wa macho ya mtu aliyelala kitandani. Nje ya dirisha, upande wa kiwandani, akachora migomba mitatu.