Sufuria ndogo ikizaa

Jana kitindamimba alikuwa anapanga sufuria zangu za seti, kubwa inameza ya pili, ya pili inameza ya tatu. Alipofika kwenye ile ya maziwa akaniuliza: "Mama, hii ikizaa, mtoto atakuwa mdogo kiasi gani?"

Nikarudi Mwanza, mwaka wa tatu, maabara ya uani.

Maana diatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho matupu, ndivyo zilivyo. Ni ule utelezi wa kahawia kwenye mawe ya ziwani, unaomwangusha kila anayekwenda kufua. Kila moja ni kijisanduku cha kioo chenye mfuniko. Ikigawanyika, kila mtoto huchukua kipande kimoja, hukifanya mfuniko, kisha hujitengenezea cha kuingia ndani yake. Aliyerithi kipande cha chini huwa mdogo kuliko mzazi. Vizazi vinakwenda, ukoo unasinyaa. Wanasayansi MacDonald na Pfitzer walilieleza hilo mwaka 1869. Dawa yake ni kuoana. Mbili zilizosinyaa hukutana, huacha masanduku yao, na mtoto huvimba akiwa hana sanduku mpaka afikie kimo cha mababu.

Nilizipata mbili kwenye hadubini. Diatomu aina ya Cymbella, umbo la kipande cha chungwa, zimelala ubavu kwa ubavu ndani ya ute. Saa mbili usiku. Ndani ya kila moja rangi ya asali ilikuwa imejikusanya mafungu mawili, na mimi naogopa hata kupumua nisije nikatikisa meza. Fungu moja likajivuta pembeni, likasita, likajivuta tena, kama mtu anayechungulia mlangoni kwa jirani.

Umeme ukakatika.

Uliporudi, masanduku yalikuwa wazi, matupu. Kando yake viduara viwili vimetulia. Harusi ilishapita.

Kwenye ripoti nilichora yote: kutoka, kuvuka, kuungana. Na mishale. Dokta akanisifu mbele ya darasa, kisha akatusimulia habari za bwawa la Blackford, Edinburgh, ambako diatomu zilizobandikwa jina moja, Sellaphora pupula, zilipojaribiwa zilikataa kuoana. Kumbe ni spishi kadhaa. "Majina tunayatoa sisi," akasema. "Nani anamkubali nani, hilo lazima mtu alione kwa macho yake." Nikatikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote.

"Mama?"

"Sufuria hazizai, mwanangu."

"Ya Abunuwasi ilizaa."

"Abunuwasi alidanganya," nikamjibu, nikaendelea kusugua masizi.