Mkubwa Akikutuma, Unamuuliza Muda?

Vijana wa Kigoma wanaoniandikia kuhusu nafasi za mafunzo kwenye kampuni za mawakili huku Uingereza wanaogopa usaili kuliko kitu kingine. Hofu hiyo ingeanzia hatua ya kabla ya usaili, maana wengi hawafiki kwenye usaili. Wanachujwa na mtihani wa mtandaoni unaopima maamuzi yako kazini: unapewa kisa cha ofisini na majibu manne au matano, unayapanga kuanzia lililo bora hadi lililo baya. Kwingine unachagua bora na baya tu. Kifungu cha sheria hakiulizwi hata kimoja. Usiuchanganye na Watson Glaser, huo unapima hoja na una jibu moja lililo sahihi.

Mtoto wa kaka yangu, yuko Ujiji, alinipigia juzi tufanye mazoezi. Shikamoo shangazi, marahaba, tukaingia kazini. Kisa: ni jioni, wakili anayekusimamia anataka mkataba uliohakikiwa kesho asubuhi. Anakuja wakili mwingine, mkubwa kuliko huyo, na kazi yake, naye anaitaka usiku huohuo. Je, A, unapokea zote na kukesha? B, unamweleza ulicho nacho mkononi, unauliza yake inahitajika lini hasa, kisha unamjulisha msimamizi wako ili waamue ipi itangulie? C, unamsukumia mwanafunzi mwenzako ule mkataba kimyakimya? D, unakataa?

Akaanza na A, akamalizia na D. "Shangazi, mkubwa akikutuma unamuuliza muda?"

Nilicheka, lakini swali lake ni la haki. Sisi tumelelewa kuitika kwanza, maswali baadaye, na ukikwama unakwama kimya. Basi nikamhamisha ofisini nikampeleka Mwanga, hapohapo Kigoma, kwenye duka la baba yake. Dumu la mwisho la mawese limeshaahidiwa mtu, mzee anafika na hela mkononi analitaka. Unafanyaje? Hakufikiri hata kidogo: "Nampigia baba kabla sijapokea hela." Kumbe B anaijua tangu darasa la saba! Kinachomponza ni kudhani kwamba wakili wa London ataona kuulizwa ni utovu wa adabu. Huku kinachowaudhi ni kugundua asubuhi kwamba kazi zote mbili zimeharibika na mteja anasubiri.

Tulibishana zaidi kuhusu jibu la mwisho. Yeye anaona D ni mbaya kwa sababu ni ufidhuli. Mimi naweka C chini yake: kazi ya mteja imehama mikono na anayewajibika hajui. Aliyekataa, angalau watu wanajua kazi iko wapi.

Kwa visa vya uaminifu, soma kanuni za SRA, mamlaka inayosimamia mawakili wa England na Wales. Ziko 7, ni fupi, na ni bure mtandaoni. Zikigongana, inayolinda maslahi mapana ya umma ndiyo inayotangulia, hata mbele ya maslahi ya mteja. Ukishaelewa hilo, kisa cha barua pepe ya siri iliyokwenda kwa mtu asiyehusika hakikusumbui. Unamwambia msimamizi papo hapo. Kumpigia aliyeipokea na kumwomba aifute, halafu ukanyamaza, kunashuka chini hata kama ameifuta kweli.

Majibu ya kunakili kwenye magrupu ya WhatsApp achaneni nayo. Kila kampuni ina visa vyake na sifa inazozitafuta, nyingi zimeziandika kwenye tovuti yake, zisome kabla. Ukifanya mazoezi, funika ufafanuzi, sema kwa sauti kwa nini B imeipita A, ndipo ufunue. Soma maelekezo pia kabla hujabofya kuanza: mingine ina muda, mingine haina, na mingine hairuhusu kurudi nyuma. Simu na laputopu ziwe na chaji, bando liwepo, na wadogo zako watoke chumbani.

Walio mawakili tayari Tanzania, njia yenu ni nyingine. Tangu 2021 kuna SQE, mtihani wa kufuzu uwakili wa England na Wales, na wakili aliyefuzu nje hadaiwi miaka miwili ya mafunzo kazini ambayo wengine hudaiwa. Msishangilie mapema lakini: sehemu ya kwanza peke yake ina maswali 360, na hayo ni ya sheria tupu.