Nilivyojibu swali la "mbegu bora" ya binadamu kwenye mafunzo ya wafugaji

Mi ni bwana mifugo, kazi yangu kubwa ni uhamilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mrija wa mbegu bila dume kuwepo, na kila nikifundisha kikundi habari za kuchagua dume lazima atokee mtu aulize, dokta, sasa kama kwa ng'ombe inawezekana kwa nini na watu tusifanye, wenye akili wazae kwa wingi na wale wengine wapunguzwe? Huwa najibu hayo tumwachie Mungu, watu wanacheka, tunaendelea. Safari hii mzee mmoja alikomaa na vijana wakamuunga mkono, nikaona nisipojibu kwa lugha ya ufugaji nitaonekana nimekimbia.

Nikawaambia mbona hilo lilishajaribiwa. Kulikuwa na jamii ya Wakristo kule Marekani, jimbo la New York, inaitwa Oneida, aliianzisha John Humphrey Noyes mwaka 1848. Ndoa ya mke na mume hawakuitaka, kila mwanaume alihesabiwa mume wa wanawake wote. Kufika 1869 wakaanza mpango wakauita stirpikalcha, yaani kuboresha kizazi cha watu kama wafugaji wanavyoboresha mifugo. Mtaka mtoto anaomba, viongozi ndo wanaamua nani azae na nani. Na wasichana walitia saini kwamba wao si mali yao wenyewe, ni wa Mungu kwanza halafu wa bwana Noyes (hapo akina mama waliguna vibaya mno). Miaka kumi, watoto 58. Nikauliza, mnadhani dume lililotumika sana ni la nani? Mama mmoja akadakia, "si mwenyewe!" Kweli, Noyes alikuwa anakaribia miaka 60 na watoto wasiopungua tisa walikuwa wake.

Mzee hakukubali, akauliza watoto wenyewe walitokaje. Swali la maana hilo. Walitoka wazima, vifo vyao vilikuwa vichache kuliko vya watoto wengine wa wakati ule. Nikamwambia, mzee wangu, ukipata mtamba wa dume jipya na hapohapo ukabadilisha chakula, ukaongeza pumba na mashudu, ukajenga na banda la sakafu, maziwa yakipanda utamshukuru dume au mashudu? Akafikiri, akasema hapo huwezi kujua. Basi watoto wa Oneida walikula vizuri, nyumba safi, walezi wapo. Na hata kwa ng'ombe wenyewe, ile tofauti ya maziwa baina yao inayotokana na kurithi ni kama robo hadi theluthi tu, iliyobaki ni matunzo na mambo mengine, na maziwa tunayapima kwa lita, sasa akili ya mtu utaipima kwa ndoo gani.

Akina mama wao walitaka kujua mama zao wale watoto ilikuwaje. Wakishaachishwa ziwa walihamia nyumba ya pamoja, kumwona mama ni kwa zamu, na mmoja wao, Pierrepont Noyes, aliandika ukubwani jinsi mtoto mtundu alivyoweza kunyimwa zamu yake. Mwaka 1879 Noyes akakimbilia Kanada, vijana wenyewe walikuwa wameshaanza kutaka ndoa zao, na 1881 jamii ikageuzwa kampuni, ikaja kujulikana kwa vijiko na uma.

Ila wazo lenyewe halikufa. Francis Galton huko Uingereza alilipa jina jipya mwaka 1883, eujeniki, na kutoka hapo ikawa sheria: jimbo la Indiana 1907 likaruhusu watu wafungwe uzazi kwa nguvu, Marekani nzima ikapita watu 60,000, Ujerumani ya Hitler kama 400,000. Na msidhani ni mambo ya mbali, Nairobi 1933 walowezi walikuwa na chama chao cha kuboresha mbari na daktari mmoja wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, H. L. Gordon, alikuwa anatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu. Hapo ndo mzee akageuka kabisa, maana kwenye orodha ya wasiofaa kumbe na yeye yumo.

Kijana mmoja bado akasema basi tuchague kwa haki. Nikamtolea Pawnee Farm Arlinda Chief, dume la Holstein la Marekani lililozaliwa 1962, mabinti zaidi ya 16,000, maziwa kama mvua. Miaka ya 2011 hivi wataalamu wakagundua alikuwa amebeba kasoro moja ya kurithi, ndama akiipata kwa baba na kwa mama anafia tumboni, na mimba zilizotoka kwa sababu hiyo duniani zinakadiriwa kufika laki tano na zaidi. Huyo alichaguliwa na watu wenye rekodi, mizani na maabara.

Kutoka hapo mjadala ulihamia wenyewe kwenye dume la kikundi, kumbe lina miaka limekaa pale na linapanda mpaka mabinti zake. Tukapanga walibadilishane na kikundi cha kata ya jirani, na mitamba mitatu mikubwa nije niipandishe kwa mrija.