Nilivyozishika hesabu za moli

Nilipoanza kemia, milinganyo niliisawazisha bila taabu. Lakini swali likinitaka nitoke kwenye gramu niende kwenye idadi ya molekuli, sikujua pa kuanzia: nizidishe au nigawanye? Kanuni za kukariri zilikuwa kadhaa, kila moja na pembetatu yake ya kukumbushia nini kizidishwe na nini kigawanywe, na machoni pangu zote zilifanana.

Kilichonifungulia mlango ni kuachana na zile pembetatu na kuandika vizio katika kila hatua, tena pamoja na jina la dutu. Badala ya 18 tupu, nikawa naandika "gramu 18 za maji kwa moli 1 ya maji" (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, kama dazeni, ila kikubwa mno). Daftari hujaa upesi, kweli, lakini swali la kuzidisha au kugawanya hujijibu lenyewe. Kama una gramu na unatafuta moli, gramu lazima zikatane, basi gramu 18 zinakaa chini ya mstari na moli 1 juu. Ukitaka kurudi kwenye gramu, unapindua.

Chukua gramu 36 za maji, utafute atomu za hidrojeni. Gramu 36 ni moli 2. Zidisha kwa 6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, unapata molekuli 1.204 × 10²⁴ za maji. Wengi hukomea hapo na kupigia mstari jibu. Ila kizio kilichobaki ni molekuli za maji, na swali liliuliza atomu za hidrojeni, kwa hiyo kazi bado. Kila molekuli ina atomu 2 za hidrojeni: jibu ni 2.408 × 10²⁴.

Nilipenda pia kujua ile namba kubwa imetoka wapi. Zamani moli ilifungwa kwenye kaboni-12, aina moja ya atomu za kaboni: idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 zake. Tangu 2019 imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Namba hiyo ilichaguliwa ilingane na ile ya zamani, ndiyo maana masi ya atomu iliyo kwenye jedwali la elementi bado unaisoma moja kwa moja kama gramu kwa moli. Kwangu mimi hilo liliondoa giza lote.

Milinganyo nayo huzungumza kwa moli, si kwa gramu. CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O: ukichoma gramu 8 za methani unapata maji kiasi gani? Gramu 8 gawanya kwa 16 ni moli 0.5 ya methani. Kila moli ya methani hutoa moli 2 za maji, kwa hiyo moli 1, yaani gramu 18. Ile 2 ukiipeleka kwenye gramu moja kwa moja utapata 16, namba inayopendeza macho na si sahihi.

Kabla ya kufunga swali huwa naliuliza jibu kama linawezekana. Moli 2 zikikupa molekuli 3.3 × 10⁻²⁴, hiyo haifiki hata molekuli moja. Umegawanya pa kuzidisha.

Sasa niko kwenye mkolezo wa mimumunyo, na mwendo ni uleule. Lita 0.25 za mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu (NaOH) wenye moli 2 kwa lita: lita zinakatana, inabaki moli 0.5, na kwa gramu 40 kwa moli, hizo ni gramu 20.