Kabla ya kusema maziwa hayatoshi, mtazame mtoto anavyonyonya

Mzazi akianza kulia siku ya tatu baada ya kujifungua kwamba hana maziwa, nyumba nzima huchangamka. Mmoja anakoroga uji wa pilipili manga, mwingine anachinja kuku, wa tatu ametumwa duka la dawa kuleta kopo la maziwa ya unga ya watoto. Uji ni mzuri na kuku pia, maana mzazi lazima ale. Ila mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeketi pembeni yake akamtazama mtoto tangu anaposhika titi mpaka anapoliachia, na shida nyingi za siku hizo za mwanzo huanzia hapo: mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kujaza titi mdomoni. Chuchu zinachubuka, matiti yanajaa na kuuma, mtoto analia kila saa, na mwisho wake maziwa yanapungua kwelikweli.

Siku ya kwanza na ya pili maziwa mengi hayapo, wala hayahitajiki. Yanayotoka ni yale ya mwanzo, mazito na ya manjano, ambayo baadhi ya wazee huyaita machafu na kuagiza yakamuliwe yamwagwe. Yasimwagwe. Yana kinga nyingi, na humsaidia mtoto kutoa choo chake cheusi cha kwanza. Siku ya kwanza mtoto hupata kama mililita 2 hadi 10 kila anaponyonya, yaani haizidi vijiko viwili vya chai. Siku ya tatu inafika mililita 15 hadi 30. Anayeona mililita 60 za kopo zikiisha kwenye chupa hudhani hicho ndicho kipimo cha njaa ya mtoto, kumbe chupa inamiminika tu na mtoto hana budi kumeza.

Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mwenye mtoto wa kwanza, aliyejifungua kwa upasuaji, aliyepoteza damu nyingi au mwenye kisukari, yanaweza kuchelewa zaidi. Kondo la nyuma likishatoka lote mwili huanza kazi, na titi likinyonywa kazi inaendelea. Kwa hiyo mzazi ambaye maziwa hayaji kabisa na damu bado inamtoka kwa wingi arudi hospitali haraka, huenda kipande cha kondo kimebaki ndani. Wengine dawa yao ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

Jinsi ya kumpakata na kumshikisha titi

Mzazi aegemee vizuri, miguu isining'inie, mto au kitenge kilichokunjwa kiwe chini ya mkono. Mtoto awe tumbo kwa tumbo na mama. Sikio, bega na nyonga yake viwe kwenye mstari mmoja. Akilazimika kugeuza shingo ili afikie titi hatameza vizuri. Mkono wa mama ushike mabega na sehemu ya chini ya shingo, usishike kisogo. Mtoto anayesukumwa kisogo hujikunja nyuma kwa nguvu, na hapo watu husema amelikataa titi.

Pua yake ielekee kwenye chuchu, si mdomo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu mtoto analia na kila mtu chumbani ana la kusema. Subiri mpaka mdomo upanuke kabisa kama anayepiga miayo, kisha mlete mtoto upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mama asiiname kulipeleka titi kwa mtoto, mgongo utamuuma. Titi lishikwe kwa kidole gumba juu na vinne chini, mbali na chuchu. Ule mshiko wa vidole viwili kama mkasi unaofundishwa mitaani humzuia mtoto kuingiza titi la kutosha mdomoni.

Akishashika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mwanzo ananyonya harakaharaka, kisha polepole kwa kina, na unasikia anameza. Mashavu yakibonyea ndani au ukisikia sauti ya kubusu, ameshika chuchu tu. Maumivu ya sekunde chache za mwanzo siku hizo yanaweza kuvumiliwa. Yakiendelea, usikaze meno: ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake, achie, anza upya, hata mara tano. Angalia na chuchu inapotoka mdomoni. Ikiwa imebonyea upande mmoja au imechongoka, ilikuwa inabanwa.

Aliyepasuliwa tumbo alale ubavu, au ampakate mtoto kwapani, miguu ya mtoto ikielekea mgongoni mwa mama, ili asikandamize kidonda.

Chuchu bapa au zilizoingia ndani haziharibu kunyonyesha, kwa kuwa mtoto hunyonya titi. Kama anashindwa kupata pa kushika, tafuta bomba jipya la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Kwa chuchu ndogo la 10 linatosha. Kata ule upande wa kuchomekea sindano, chomoa kijiti cha kusukumia, kiingize upya kupitia upande uliokatwa. Upande laini ambao haukukatwa ndio unaokaa kwenye titi. Vuta kijiti taratibu, shikilia nusu dakika hadi dakika moja, kisha mpe mtoto papo hapo. Ikiuma umevuta mno.

Kama mshiko ni mzuri na bado chuchu zinaumia kila siku, mtaalamu achungulie kinywa: pengine ngozi ya chini ya ulimi ni fupi na inamzuia mtoto kuutoa ulimi nje. Utando mweupe usiofutika mdomoni mwake, na mama anasikia moto kwenye chuchu hata baada ya kunyonyesha, ni dalili ya fangasi, na hapo wanatibiwa wote wawili kwa pamoja.

Kidonda cha chuchu hakihitaji sabuni wala spiriti, vitakizidisha. Rekebisha mshiko, anza na titi lenye nafuu, na mwisho pakaza matone ya maziwa yako kwenye chuchu uyaache yakauke.

Matiti kujaa, na homa isiyo malaria

Siku ya tatu hadi ya tano matiti yanaweza kuwa magumu kiasi kwamba chuchu inatanda na mtoto anateleza. Hapa ndipo bibi huleta beseni la maji ya moto akande kwa nguvu zote. Nia yake ni njema, lakini titi lililovimba ukiliminya sana linavimba zaidi. Kitambaa cha uvuguvugu dakika chache kabla ya kunyonyesha kinatosha. Kisha weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani ukihesabu hadi 60. Uvimbe unarudi nyuma, sehemu nyeusi inalainika, mtoto anaweza kushika. Kamua kidogo tu kama bado ni gumu. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha baridi. Paracetamol na ibuprofen zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, ila mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu amuulize kwanza mtaalamu kuhusu hiyo ya pili.

Titi likiwa na sehemu ngumu yenye joto na kuuma, pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi na kutetemeka, wengi hukimbilia dawa ya malaria. Pima malaria, sawa, lakini titi nalo lionyeshwe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosemwa vitabuni hauonekani kirahisi, kwa hiyo amini mkono: joto, ugumu, ngozi inayong'aa. Endelea kunyonyesha titi hilohilo, maziwa yake hayamdhuru mtoto. Usipopata nafuu ndani ya saa 24, au ukizidiwa kabla ya hapo, nenda hospitali, maana huenda ukahitaji antibiotiki. Uvimbe usioisha baada ya dawa unaweza kuwa jipu, nalo hutolewa usaha na daktari.

Utajuaje anashiba? Kilio hakikuambii. Watoto wengi hulia na kunyonya mfululizo jioni, na mtu akishasema ni chango hutolewa maji ya sukari. Hesabu nepi. Siku ya kwanza mkojo mara moja, siku ya pili mara mbili, siku ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi. Choo cheusi kinakuwa cha kijani karibu siku ya tatu, na cha manjano ifikapo siku ya tano. Uzito hushuka kidogo kwanza. Ukishuka zaidi ya asilimia 10, au mtoto hajarudia uzito wa kuzaliwa baada ya wiki mbili, kuna kazi ya kufanya na isisubiri. Mtoto mlegevu asiyeamka kunyonya, mwenye umanjano unaoongezeka au asiyekojoa, apelekwe siku hiyohiyo.

Mtoto hahitaji maji, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwani sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, karibu asilimia 88. Maji unayompa yanachukua nafasi ya maziwa tumboni, ananyonya kidogo, titi linatengeneza kidogo.

Ikithibitika kwenye mizani kwamba anahitaji nyongeza, ya kwanza ni maziwa ya mama mwenyewe. Nawa mikono, weka kidole gumba juu na viwili chini, kama sentimita 3 kutoka chuchu; sukuma nyuma kifuani, bana, achia, bila kuteleza juu ya ngozi. Zungusha vidole pande zote, dakika 3 hadi 5 kila titi ukibadilishana, jumla dakika 20 hadi 30. Mpe kwa kikombe kidogo kisafi, hata cha kahawa: akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni naye ayalambe mwenyewe. Usimmiminie. Kama hayatoshi na daktari akaagiza kopo kwa kipimo, atumie bila aibu, huku akiendelea kukamua.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia ARV kama alivyoelekezwa ananyonyesha pia, miezi sita ya kwanza maziwa yake tu, na mtoto anapewa dawa yake ya kinga. Katika miezi hiyo, kuchanganya na uji au maziwa mengine ndiko kusikotakiwa.

Msaada wenye maana

Ukienda kliniki usiseme tu "sina maziwa", kwa sababu jibu litakuwa "kunywa maji mengi". Mwambie muuguzi: "Naomba unitazame nikimnyonyesha mpaka mwisho, kisha umpime uzito." Usingoje wiki ya sita. Kama kituo kina foleni, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Akija nyumbani kwako hana haraka.

Mtoto asipoongezeka uzito, kuna majirani watakaonong'ona kwamba amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamevunja mwiko wa tendo la ndoa. Maneno hayo yana madhara: mama anamficha mtoto ndani asionekane, na mizani ndiyo iliyotakiwa imwone mapema. Baba ana kazi ya kuyazima. Kazi zake nyingine ni kufua nepi, kumbeba mtoto baada ya kunyonya, kumletea mama maji ya kunywa usiku, na kuwaaga wageni kwa adabu. Mama mkwe anayetaka kusaidia apewe jiko lote.

Kwa walioajiriwa Tanzania, likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kila siku ya kazi kwa ajili hiyo. Kenya likizo ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku nne kwenye friji. Kwenye joto la pwani bila friji usiyape saa zote hizo. Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini, na barua ya kuomba saa zako iende kwa mwajiri wakati huohuo, ikitaja muda kamili, mfano saa nne asubuhi na saa nane mchana.