Mwega wa kwanza

Leo asubuhi nimepiga magoti mbele ya refugiamu, kurunzi mkono mmoja na rula mkono wa pili, nikapima umbali kutoka ncha ya mzizi hadi uso wa maji. Milimita 14. Jumapili iliyopita zilikuwa 21. Mkoko wangu wa kona ya kushoto unashusha mwega wake wa kwanza, mzizi ulioanzia juu kwenye shina, hewani kabisa, na sasa unateremka kuyatafuta maji. Nimeungoja miaka mitatu na miezi miwili.

Kwa wasiojua, refugiamu ni tangi la pembeni linalotumia maji yale yale ya tangi kuu la chumvi, ila samaki hawafiki huko. Pampu inapeleka maji, bomba linayarudisha, na kilichomo kinaishi bila kuliwa. Langu ni sanduku la kioo lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 40, wazi juu. Mchanga laini umejaa sm 10, juu yake kuna maji ya sm 20 hivi. Tangi kuu lina lita 240, matumbawe na samaki saba.

Niliotesha mikoko kwa sababu moja tu: niliamini itanisafishia maji. Naitreti ilikuwa miligramu 20 kwa lita, fosfeti haishuki (zote mbili zinatokana na chakula na kinyesi cha samaki), na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba mizizi ya mkoko inafyonza uchafu. Kwa hiyo nikaweka mbegu tano, nikaanza kupima kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Miezi minane baadaye naitreti ilikuwa 20.

Sasa najua kwa nini, na natamani mtu angenieleza mapema. Mmea unaondoa kwenye maji kile tu unachokitumia kujenga mwili wake. Mkoko mchanga unajenga polepole mno. Mwaka wa kwanza kila mche wangu ulitoa jozi tatu au nne za majani, basi. Tena mbegu ya mkoko inakuja na akiba yake. Ule mwili wake mrefu wa kijani umejaa chakula, na unaweza kuulisha mche miezi mingi kabla haujategemea mizizi. Mimi nilikuwa nakaa naangalia majani mapya yakichanua nikidhani yanakula fosfeti yangu, kumbe mche ulikuwa bado unakula kwenye ghala la mama yake.

Kilichoshusha naitreti ni mwani. Nilitia konzi moja ya Chaetomorpha, ule mwani wa nyuzinyuzi ngumu unaofanana na waya wa kusugulia masufuria, na baada ya wiki kumi kipimo kikasoma 5. Kila mwezi natoa nusu yake na kuitupa, na huko ndiko uchafu unakoishia, nje ya tangi. Ukitaka maji safi, weka mwani. Ukitaka mkoko, weka mkoko kwa ajili ya mkoko wenyewe. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakiing'oa mikoko yenye afya mwaka wa kwanza, wakidai imeshindwa kazi ambayo haikuwa yake.

Niirudie ile mbegu, maana ni jambo la ajabu ambalo bado linanishika. Tunaiita mbegu, lakini ile mbegu halisi imekwisha kuota ikiwa ndani ya tunda, tunda likiwa bado mtini. Unachookota ni mche kamili uliodondoka ukiwa tayari kuishi. Ukiuweka majini mwanzoni unaelea umelala, kisha siku zikipita unainuka, ncha nzito ikitazama chini. Nilitazama wa kwangu ukiinuka kwenye ndoo usiku wa nne na nikashindwa kwenda kulala.

Okota iliyodondoka yenyewe. Usiichume mtini, na uliza kwanza sheria ya mahali ulipo, kwa sababu nchi nyingi zinailinda mikoko. Chagua iliyo ngumu mkononi, isiyo na kitundu cha mdudu, isiyosinyaa. Ncha ya chini inakuwa na rangi ya kahawia. Juu kuna chipukizi lililofungwa ndani ya ala nyembamba. Ile ala usiibandue kwa haraka ya kuona jani. Niliwahi kuibandua kwa ukucha, nikavunja jani la kwanza likiwa halijafika hata sm moja, na mche ule ulikaa miezi mitano kabla ya kujaribu tena.

Kupanda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mimi nilichimbia sm 4 tu za ncha kwenye mchanga, na zile mbegu fupi nilizibana kwa sponji pembeni mwa kioo, ncha majini, kichwa hewani. Zote zilitoa mizizi. Kinachoua ni kuzama kwa kichwa, na kuhamahama. Ukishauweka, uache. Kuvuta ili kuona kama umeshika ndiko kunakokata vile vijizizi vyeupe vya mwanzo, ambavyo ni laini kama nyuzi za pamba.

Nimepoteza miwili, na yote miwili kwa mkono wangu.

Wa kwanza niliununua ukiwa na majani sita, ukanivutia kwa sababu ulikuwa umeshakua. Ulikuwa umelelewa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Nikautia moja kwa moja kwenye maji ya chumvi ya 35 kwa elfu. Siku ya tisa hakukuwa na jani hata moja. Mbegu isiyo na majani inaingia kwenye chumvi bila shida, maana haijaanza kupoteza maji kwa majani. Mche wenye majani unavuta maji mchana kutwa, na ukibadilishiwa chumvi ghafla unakosa nguvu ya kuyavuta. Unatakiwa kupandishiwa kidogo kidogo, wiki nne hadi sita, chumvi ikiongezwa kijiko kwa kijiko na rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ikiwa karibu.

Wa pili uliniuma zaidi. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, mfupi kuliko wenzake lakini wenye majani mazito ya kung'aa. Nilitaka nafasi zaidi ya mwani, nikalirefusha bomba la kurudishia, maji yakapanda sm 7. Mingine minne ilikuwa na shina la kutosha juu. Huu mfupi ulizama hadi karibu na majani ya chini. Sikujali, nikijua mkoko ni mti wa majini. Majani yalianza kuwa manjano wiki ya tano, na wiki ya kumi na moja shina lilikuwa laini. Nilipoutoa, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka kama yai bovu.

Gome la mkoko lina vitundu vidogo vya kupumulia. Ukiangalia kwa karibu utaviona kama chunusi za rangi hafifu. Hewa inaingia hapo na kushuka ndani ya shina hadi kwenye mizizi, ambayo imekaa kwenye tope lisilo na oksijeni. Porini maji yanajaa na kupwa. Mti unafunikwa saa chache, kisha unafunuliwa na kuvuta pumzi. Kwenye tangi hakuna kupwa. Vile vitundu vilivyozoea hewa vikifunikwa na maji yasiyoshuka, mizizi inakosa pumzi mpaka inaoza. Tangu siku ile nimechora mstari mweusi kwenye kioo na maji hayapandi kupita hapo. Yanayopotea kwa mvuke nayajazia kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki.

Kuhusu chumvi kuna jambo linalorudiwa sana: kwamba mkoko unatoa jasho la chumvi kwenye majani, na lazima uyaoshe usije ukafa. Anayefanya hivyo ni mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko. Mchu una vitundu maalumu vinavyosukuma chumvi nje, na ukilamba jani lake utaionja. Mkoko wenyewe, Rhizophora, unaizuia mlangoni: mizizi inaruhusu maji na kuikataa sehemu kubwa ya chumvi. Mimi nayanyunyizia majani ya mikoko yangu mara mbili kwa wiki, lakini ni kwa ajili ya vumbi na yale matone yanayorushwa na bomba, ambayo yakikauka yanaacha ukoko mweupe unaokinga mwanga.

Lingine ni magnesiamu. Nilionywa kwamba mikoko itaimaliza tangini, nikawa naongeza dawa kila wiki bila kupima. Siku moja nilikaa na kalamu. Maji ya bahari yana karibu miligramu 1,300 za magnesiamu kwa lita. Mfumo wangu wote una kama lita 270, kwa hiyo kuna zaidi ya gramu 350. Wakati ule mikoko yote ilikuwa na majani 38. Hata nikilipa kila jani miligramu 10, ambazo ni nyingi, jumla haifiki nusu gramu. Kifaa changu cha kupimia hakiwezi hata kuiona tofauti hiyo. Magnesiamu inashuka kweli kwenye matangi, lakini watafute wanaojenga mifupa, yaani matumbawe na ule mwani wa waridi unaoganda kwenye mawe. Nikaacha dawa, na mikoko haikuonyesha dalili yoyote.

Taa yangu ni ya LED nyeupe ya kawaida ya mimea, sm 30 juu ya majani, na inawaka kwa muda wa saa 12. Ile ya buluu ya matumbawe niliijaribu na majani yakawa yanarefuka bila nguvu. Naiwasha usiku, wakati tangi kuu limezimwa, ili mwani wa huku uendelee kutumia kaboni dioksidi saa ambazo kule pH inashuka, yaani asidi inaongezeka.

Jani likidondoka naliokota siku hiyo hiyo. Likiachwa linaoza na kurudisha majini kila kilichokuwa kimechukuliwa, na tanini yake inayapa maji rangi ya chai.

Na kama unataka mti wako ubaki mfupi, kata chipukizi la juu kabisa tu, huku chini yake kukiwa na majani ya kutosha. Usikate kwenye shina tupu. Mchu unaweza kukatwa ukachipua tena kutoka kwenye kisiki. Mkoko hauwezi, kwa sababu kwenye sehemu kongwe za shina macho ya kuchipulia yameshakufa. Nilikata wa kwangu wa kati mwaka jana juu ya jozi ya nne ya majani. Matawi mawili yakatoka kwapani, na sasa una umbo ambalo naweza kuliangalia saa nzima.

Nakaa pale sana usiku. Mizizi imesukana mchangani kiasi kwamba naiona ikigandamana na kioo cha mbele, na katikati yake kuna kopepodi, wadudu wadogo mno wa majini, wengi wanaoruka kama punje za vumbi zenye akili. Baadhi wanavutwa na maji hadi tangi kuu, ambako samaki mandarini anawangoja karibu na mdomo wa bomba. Alipofika kwangu alikuwa mwembamba, mgongo umechongoka. Sasa tumbo lake ni la mviringo. Kama kuna kazi ninayoweza kusema mikoko yangu inaifanya, ni hiyo ya kuwapa wadudu wale mahali pa kujificha, na naifurahia kuliko ile niliyoitarajia.

Ule mwega unateremka mahali palipokuwa na jiwe. Kwa mwendo huu utagusa maji baada ya wiki mbili, na ukishafika chini utahitaji mchanga wa kushika. Nimelihamisha jiwe taratibu jioni hii, nikaacha vumbi litulie, kisha nikapima tena. Milimita 13 na nusu.